Nani alifanya mchezo uchezwe vingine kabisa? Ubora peke yake hautoshi

#1 Nusu Uwanja (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Ubishi wa Messi na Ronaldo, Jordan na LeBron, umenichosha. Leo nataka kitu tofauti: mwanamichezo ambaye baada ya kutokea, wenzake walilazimika kubadilisha namna ya kucheza au waachwe nyuma. Idadi ya makombe na mabao sitaki kuisikia.

Kipimo changu: mchukue mchezaji mzuri wa miaka kumi kabla yake, mlete miaka kumi baada yake, asibadilishe chochote. Akionekana kituko uwanjani, basi huyo jamaa ameubadilisha mchezo. Kwa kipimo hiki Usain Bolt simwoni. Ana 9.58 ya Berlin 2009, hakuna aliyeigusa, lakini watu wanakimbia mita 100 kama walivyokuwa wakikimbia kabla hajazaliwa.

Naanza na Dick Fosbury, Mexico City 1968, kuruka juu. Wenzake walikuwa wanavuka upau tumbo likitazama chini. Yeye akapita kwa mgongo, kichwa mbele, akavuka mita 2.24 na kuondoka na dhahabu. Leo angalia mashindano yoyote makubwa, wote ni mgongo. Leteni wa kwenu.

#2 Kifua Mbele
Steph Curry wa mpira wa kikapu. Funga uzi.

#3 Mzee Kijiti
Fosbury nakubali, ila unampa sifa zote peke yake. Ulizeni waruka juu wa zamani walikuwa wanaangukia nini. Mchanga! Kwingine maranda ya mbao. Nani mwenye akili timamu atajitupa kwa mgongo kutoka mita mbili aangukie mchanga? Shingo ingeenda. Fosbury alikua wakati magodoro ya sponji yanaanza kuingia viwanjani. Kwangu mimi godoro ndilo lililobadilisha mchezo, yeye akawahi tu kulitumia.

#4 Mama Tufe
Tena hata hakuwa peke yake. Kanada kulikuwa na binti, Debbie Brill, anaruka kinyumenyume miaka hiyohiyo bila kufundishwa na Fosbury. Mtindo wake wakauita Brill Bend. Mwaka 1970 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Ila sinema ya Mexico ilikuwa ya mwenzake, basi jina likapotea.

Halafu mleta uzi, "baada yake" uiseme taratibu. Munich 1972 dhahabu ya wanaume ilienda kwa Jüri Tarmak wa Umoja wa Kisovieti, na aliruka kwa tumbo. Mwaka 1977 Rosemarie Ackermann wa Ujerumani Mashariki akawa mwanamke wa kwanza kuvuka mita 2.00, kwa tumbo. Mwaka 1978 Vladimir Yashchenko akaweka rekodi ya dunia ya 2.34, tumbo vilevile. Hiyo ni miaka kumi kamili baada ya Fosbury. Kituko kiko wapi?

#5 Nusu Uwanja
Dada, Yashchenko ndiye wa mwisho, na wewe unajua. Baada yake rekodi zote za wanaume ni za mgongo mpaka 2.45 ya Javier Sotomayor mwaka 1993.

#6 Mama Tufe
Najua. Nimesema tu kwamba mabadiliko hayakuja usiku mmoja kama mnavyopenda kuhadithia.

#7 Mwalimu wa Viunzi
Nachangia kama mtu niliyefundisha riadha shuleni miaka mingi.

Anachosema Mzee Kijiti (#3) nimekiishi. Shule yetu haikuwa na godoro. Tulikuwa na shimo la mchanga, upau na nguzo mbili. Nikapiga marufuku mgongo, wanafunzi wakaruka mkasi, ule wa kutua kwa miguu. Tukienda kwenye mashindano yenye godoro, wangu wanasimama pembeni wanashangaa wenzao wanavyojipinda. Kipaji walikuwa nacho, lakini huwezi kumwambia mtoto ajirushe kwa mgongo kwenye mchanga kisha ulale usingizi.

Ila godoro halielezi kila kitu. Ukipita kwa mgongo mwili unajikunja: kiuno kiko juu ya upau wakati kichwa na miguu vinaning'inia pande mbili. Kitovu cha uzito kinaweza kupita chini ya upau huku wewe mwenyewe umepita juu. Hiyo ni bure, nguvu za ziada hujatumia. Pili, ni rahisi kufundisha. Unamwekea mtoto njia ya kupinda, anakimbia, mpindo wenyewe unamgeuza. Mtindo wa tumbo ulitaka kila kiungo kiwe na ratiba yake.

#8 Kifua Mbele
Mnaongea sponji tu humu. Hakuna aliyejibu Curry.

Msimu wa 2015–16 alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, ile ya kutoka nje ya mstari. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 286, na ilikuwa yake mwenyewe! Desemba 2021 akampita Ray Allen na zile 2,973 zake za maisha yote ya uchezaji. Sasa hivi masenta wenye urefu wa mlango wanasimama nje ya mstari wanarusha. Mlete senta wa miaka ya 90 aliyezoea kusukumana chini ya kikapu, atakaa benchi mechi nzima. Kipimo cha mleta uzi kimetimia.

#9 Msomi Mvivu
Kifua Mbele, Curry ni sura tu ya jambo hilo. Chanzo ni hesabu ya darasa la tano. Mtu anayepata asilimia 35 za pointi tatu anakuletea pointi 1.05 kwa kila mtupo. Anayepata asilimia 50 za pointi mbili anakuletea 1.00. Mstari wenyewe wa pointi tatu NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, iliuweka msimu wa 1979–80, na watu walikaa nao miaka na miaka wakiuona wa maonyesho.

Halafu 2004 ligi ikawakazia mabeki wasiwashikeshike wenye mpira nje. Mkono ukiondolewa kiunoni, yeyote mwenye kasi anapata nafasi. Phoenix ya kocha Mike D'Antoni ilishaanza kukimbia na kurusha mapema kabla Curry hajaingia ligi. Houston ya meneja Daryl Morey nao walifika hukohuko kwa kikokotoo.

#10 Kifua Mbele
Kikokotoo kilisema urushe ukiwa peke yako na umetulia. Hakikusema urushe mita moja au mbili nyuma ya mstari huku unapiga chenga na mtu usoni. Hiyo kaleta Curry, na hesabu zikamfuata nyuma.

#11 Kocha Mkali Kidogo
Huyo Curry wenu kaniharibia watoto. Mtoto wa miaka tisa mpira umemzidi uzito, lakini harushi karibu na kikapu hata umlipe. Anarudi nyuma ya mstari, anaushusha mpira mpaka kiunoni, anausukuma kwa mikono miwili na mwili mzima. Ukiingia anashangilia kabla haujatua. Akifika miaka 14 nguvu anazo, lakini mkono umeshazoea kuanzia kiunoni na kila mtu anamfunika. Kumrudisha inachukua muda kuliko kumfundisha upya. Wote wanaiga umbali wa Curry. Kazi ya miguu yake hakuna anayeitazama.

#12 Refa Bubu
Kocha, na wewe ulipokuwa dogo ulikuwa unaruka huku umetoa ulimi kama Jordan. Usijifanye.

#13 Kocha Mkali Kidogo
😂😂 Niliuma ulimi mara moja, nikaacha.

#14 Mzee wa Stopwochi
Naleta kipimo kikali zaidi. Aliyebadilisha mchezo kweli ni yule ambaye wenye sheria walikaa kikao kwa ajili yake.

Mpira wa kikapu: George Mikan alikuwa anasimama chini ya kikapu hazuiliki, mwaka 1951 NBA ikapanua lile eneo la chini ya kikapu ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, kutoka futi 6 hadi 12. Akaja Wilt Chamberlain, mwaka 1964 wakapanua tena hadi 16. Mwaka 1967 vyuo vya Marekani vikapiga marufuku kudanki, na kila mtu akasema ni kwa sababu ya Lew Alcindor, yule aliyekuja kuitwa Kareem Abdul-Jabbar. Marufuku ilikaa mpaka 1976.

Mstari wa Curry umehamishwa lini?

#15 Kifua Mbele
Utahamishwa. Weka kumbukumbu.

#16 Refa Bubu
Kipimo cha Mzee wa Stopwochi nakipenda, kinanifaa kikazi.

Soka: Bill McCracken, beki wa Newcastle. Wengi hata hamjamsikia. Sheria ya kuotea enzi hizo ilitaka wapinzani watatu kati yako na mstari wa goli. McCracken na mwenzake wakawa wanasogea mbele tu, mabeki wawili wanatosha kumnasa kila mshambuliaji. Mechi zikawa filimbi mwanzo mwisho. Mwaka 1925 sheria ikashushwa kutoka watatu hadi wawili. Mabao ya ligi kuu ya Uingereza yakapanda kutoka 1,192 hadi 1,703 ndani ya msimu mmoja. Arsenal ya Herbert Chapman ikamrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu, na ndiyo asili ya ule mfumo wa W-M.

Mkuki: Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki, 1984, mita 104.80. Wakaona kesho utaua mtu upande wa pili wa uwanja. Mwaka 1986 wakasogeza kitovu cha uzito mbele ili mkuki uangukie pua mapema. Rekodi yake imebaki ya milele kwa sababu kile chombo hakipo tena.

#17 Mwalimu wa Viunzi
Hiyo ya Hohn kuogopesha watazamaji inasimuliwa sana. Sababu nyingine iliyokuwepo ni kwamba mikuki ya zamani ilielea na kutua bapa, waamuzi wakawa wanagombana kama ncha imegusa kwanza au la. Huo ugomvi ulikuwepo kabla ya zile 104.80.

#18 Refa Bubu
Mwalimu, bapa ilikuwa shida ya miaka yote na hawakuharakisha. Mita 104 ndizo zilizowaamsha.

#19 Samaki Mkavu
Kwenye kuogelea mmemsahau David Berkoff. Seoul 1988, mita 100 mgongo. Watu wanaruka, wanaibuka, wanaanza kupiga mikono. Yeye haonekani. Yuko chini ya maji, mikono imenyooshwa juu ya kichwa, anapiga miguu miwili kwa pamoja, anakuja kuibuka bwawa limeshapita nusu. Juu ya maji unapambana na mawimbi unayoyatengeneza mwenyewe, chini hayapo. Asubuhi ya mchujo aliweka rekodi ya dunia, 54.51.

Utamu wake ni kwamba fainali hakushinda. Daichi Suzuki wa Japani naye alikaa chini ya maji, akamshinda kwa 55.05 dhidi ya 55.18. Baadaye shirikisho likaweka kikomo, kwanza mita 10, kisha 15. Na leo kila mwogeleaji mkubwa anazitumia hizo 15 mpaka sentimita ya mwisho. Kwa hiyo alipigwa marufuku na akaigwa kwa wakati mmoja.

#20 Pembeni Kulia
Nyie watu wa maji mna mambo. Turudi kwenye soka.

Johan Cruyff. Uholanzi ya 1974, kila mtu anacheza kila mahali, beki anapanda, straika anashuka. Fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi walianza wao na mpira, wakapasiana, Cruyff akakatwa ndani ya boksi, penalti, bao, na Mjerumani hajagusa mpira bado. Walifungwa 2–1 mwishoni, lakini nani anakumbuka. Chini ya Rinus Michels Ajax ilichukua Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo, 1971, 72 na 73, kisha Cruyff akaipeleka falsafa hiyo Barcelona akiwa kocha.

#21 Mzee Kijiti
Michels alichukua la 1971 tu, akaondoka. La 72 na 73 kocha alikuwa Ștefan Kovács, Mromania. Kovács husahauliwa kila mahali, hata humu.

#22 Pembeni Kulia
Kocha ni wa pembeni hapa, mzee. Nazungumzia mchezaji.

#23 Mzee Kijiti
Mchezaji gani sasa? Miaka ishirini kabla ya Cruyff alikuwepo Nándor Hidegkuti. Novemba 1953, Wembley, Hungaria 6, Uingereza 3. Jezi namba 9 mgongoni lakini anacheza nyuma kwenye kiungo. Beki wa kati Harry Johnston hajui amfuate aache shimo, au abaki na kukaba hewa. Hidegkuti akafunga matatu. Mei 1954 wakarudiana Budapest, 7–1. Mei 2009 Guardiola alipomweka Messi pale kati Bernabéu na Real wakala sita, vijana wakasema kavumbua kitu. Namba tisa ya uongo ni ya babu zenu.

#24 Msomi Mvivu
Na Waaustria watakwambia Matthias Sindelar alikuwa anashuka hivyohivyo miaka ya 30. Ukitafuta wa kwanza hutafika. Mimi naona swali zuri ni nani aliyefanya wengine waige, kwa sababu kuna watu walifanya jambo likafa nao.

#25 Kipa Mstaafu
Sasa ngoja nizungumzie nafasi yangu.

Nilidaka kabla ya 1992 na baada yake, najua tofauti. Kabla: tumeongoza bao moja, beki ananirudishia, naokota kwa mikono, namtupia, ananirudishia tena. Wapinzani wanakimbia wanachoka. Raha tupu. Sheria ilipokuja kwamba pasi ya mguu kutoka kwa mwenzako huruhusiwi kudaka, mechi yangu ya kwanza beki alinirudishia ikaja upande wa kushoto. Nikainama kama kawaida, nikakumbuka nimeshakaribia kuugusa, nikaupiga kwa mguu nisioutumia. Ukaenda kwa straika wao. Sitasema matokeo.

Watu wanamtaja Manuel Neuer na ile mechi ya Algeria 2014, alivyokuwa anatoka nje ya boksi kama beki wa tano. Sawa, alifanya vizuri. Ila 1992 ndiyo iliyotulazimisha wote kujifunza miguu. Neuer alizaliwa 1986, amekua ndani ya sheria hiyo.

#26 Pembeni Kulia
René Higuita je? Alikuwa anatoka na kupiga chenga kabla ya sheria yoyote kumlazimisha.

#27 Kipa Mstaafu
Higuita! Naples, 1990, raundi ya 16. Akapiga chenga karibu na nusu ya uwanja, Roger Milla akamnyang'anya, akaenda kufunga, Kameruni 2–1. Milla alikuwa na miaka 38. Makocha walitumia tukio lile kutuambia "umeona?" kila tulipotoka nje ya boksi. Kwa maana hiyo Higuita alituchelewesha.

Na Gyula Grosics, kipa wa ileile Hungaria ya Mzee Kijiti, alikuwa anatoka kufagia nyuma ya mabeki tangu miaka ya 50. Hamtaji kwa sababu ni kipa.

#28 Refa Bubu
Sitasema matokeo = 4–1 😂

#29 Kipa Mstaafu
Endelea na filimbi yako.

#30 Binti Sarakasi
Huu uzi una wanawake wawili mpaka sasa, wote kwa Mama Tufe. Simone Biles hamumjui?

Mwaka 2019 aliteremka kwenye boriti kwa kuzungusha mwili mara mbili na kujipindua mara mbili kwa pamoja. Jina lake likaandikwa kwenye kitabu cha alama, lakini shirikisho likakipa kipengele hicho thamani ndogo kuliko wengi walivyotarajia, maelezo yakawa ni usalama wa wengine wasije wakajaribu na kuvunjika. Yaani unafanya kitu ambacho wenzako hawawezi, na ndiyo sababu ya kupunguziwa. Kwa kipimo cha Mzee wa Stopwochi anapita. Kwa kipimo cha mleta uzi sijui, maana wengine hawajamfuata, wamebaki chini wanamtazama.

#31 Samaki Mkavu
Inanikumbusha Jan Boklöv, Msweden wa kuruka kwa ski. Zamani ski zilikaa sambamba, yeye akazipanua mbele ziwe V. Hewa ikamshika zaidi, akafika mbali, lakini waamuzi wakamkata pointi za mtindo kwa kuwa haikuwa nadhifu. Pamoja na kukatwa akachukua Kombe la Dunia la msimu wa 1988–89. Miaka michache baadaye wote ni V, na waamuzi wakatulia.

#32 Mzee wa Stopwochi
Nimesubiri mtu amtaje Filbert Bayi, naona mnataka nimtaje mwenyewe.

Christchurch, Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio zile ilikuwa mnatembea pamoja, mnaviziana, mita 300 za mwisho ndiyo vita. Bayi akaondoka na bastola. Akafungua pengo, watu wakasema atakufa mbele. Hakufa. John Walker alimfuata mpaka mwisho, hakumpata. Bayi 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker 3:32.52, naye chini ya ile 3:33.1 ya Jim Ryun iliyokaa tangu 1967. Mtu ameshindwa na bado amevunja rekodi ya zamani. Ben Jipcho akawa wa tatu.

Ni kama alikuwa anasema: kama mna mbio za mwisho, njooni mnitafute nazo mkiwa mmeshachoka.

#33 Mzee Kijiti
Bayi ni mkubwa kwangu kuliko unavyodhani, lakini kukimbia mbele hakukuanza naye. Herb Elliott, Roma 1960, aliondoka mapema akaacha kundi lote. Mexico 1968 Jipcho aliwasha moto mzunguko wa kwanza, Kipchoge Keino akaumalizia, Ryun akaachwa mbali. Hilo lilikuwa kazi ya wawili, nakubali. Ila wazo lilikuwepo.

#34 Mzee wa Stopwochi
Elliott hakuondoka na bastola. Alikaa na kundi karibu nusu ya mbio. Bayi alikuwa peke yake tangu mita ya kwanza, na mwaka mmoja kabla alishamshinda Keino mwenyewe kwenye Michezo ya Afrika Lagos 1973. Montreal 1976 hakwenda kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Angekwenda, tungekuwa na mazungumzo mengine.

#35 Msomi Mvivu
Mzee, swali ni kama wengine waliiga. Fainali ngapi za 1500 baada ya 1974 zilikimbiwa kwa kuviziana? Nyingi tu. Watu walijifunza kitu kingine: kukodi waongoza kasi kwenye mbio za rekodi, na kuendelea kuviziana kwenye medali. Timothy Cheruiyot alishinda Doha 2019 kwa kuongoza toka mbele, safi. Paris 2024 Jakob Ingebrigtsen akajaribu hivyohivyo, akamaliza wa nne, Cole Hocker akapita na 3:27.65. Bado mchezo haujaamua.

#36 Mzee wa Stopwochi
Paris ilikuwa 3:27 kwa sababu kuna mtu alikubali kwenda mbele. Tofautisha kushinda na kubadilisha, ndiyo mada.

#37 Mwalimu wa Viunzi
Kwenye viunzi mita 400 kuna hesabu nzuri sana. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Ukipiga hatua 13 au 15, unaruka kwa mguu uleule. Ukipiga 14, mguu unabadilika, hivyo lazima uweze miguu yote miwili. Ukichoka katikati ya mbio hatua zinafupika, unafika kwenye kiunzi umesimama vibaya, unakanyaga breki. Hapo ndipo mbio hupotea.

Edwin Moses akapiga 13 mbio nzima. Montreal 1976, 47.63, rekodi ya dunia, kisha akakaa miaka karibu kumi bila kushindwa, mbio 122. Karsten Warholm wa 45.94 Tokyo anaishi kwenye hizohizo 13.

Ila rekodi aliyoivunja Moses ilikuwa ya John Akii-Bua wa Uganda, Munich 1972, 47.82, mtu wa kwanza chini ya sekunde 48, na alikuwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali ambayo hakuna anayeitaka.

#38 Kifua Mbele
Muhammad Ali je? Kinshasa, Oktoba 1974, akajilaza kwenye kamba, Foreman akampiga mpaka akachoka mwenyewe, raundi ya nane akadondoka.

#39 Kocha Mkali Kidogo
Nani aliiga? Kocha gani wa ndondi anamwambia kijana "kaa kwenye kamba upigwe"? Ile ilikuwa ya Ali, kwa Foreman, usiku ule. Msomi Mvivu (#24) ndiyo alichosema: jambo limekufa na mwenyewe.

#40 Refa Bubu
Aliyebadilisha soka kuliko wote ni Jean-Marc Bosman, na hakuna anayekumbuka hata bao lake moja. Desemba 1995, mahakama ya Ulaya, mkataba ukiisha unaondoka bure. Vikosi vyote mnavyoshangilia vimejengwa juu ya kesi yake.

#41 Nusu Uwanja
Refa umetoka nje ya mstari. Mada ni uchezaji.

#42 Refa Bubu
Kuotea au penalti? Naomba marudio ya video.

#43 Raketi Kuukuu
Tenisi kidogo, kisha nawaacha. Gustavo Kuerten alishinda Roland Garros 1997 akiwa nambari 66 duniani, na raketi yake ilifungwa nyuzi za poliesta. Nyuzi zile hukuruhusu kuchapa kwa nguvu zote, mpira ukazunguka na kushuka ndani ya mstari. Leo karibu wote wanafunga poliesta, na ule mchezo wa kupiga sevu na kukimbilia wavu umekaribia kwisha, kwa sababu ukikimbilia wavu mpira unakushukia miguuni. Sasa ni Kuerten au ni nyuzi? Ni kesi ya godoro la #3 ileile, na mimi nipo upande wa nyuzi.

#44 Mzee Kijiti
Hatimaye mtu mwenye busara.

#45 Nusu Uwanja
Nyuzi zilikuwa dukani, kila mtu angeweza kununua. Kwa nini yeye?

#46 Mama Tufe
Nimalizie na jina langu. Kurusha tufe zamani ulisimama ubavu, ukarukaruka kidogo, ukasukuma. Parry O'Brien miaka ya 50 akaanza kwa kuupa mgongo upande wa kurushia, akateleza kinyumenyume, akageuka nusu duara zima. Alipata njia ndefu zaidi ya kulisukuma lile tufe. Wote wakamfuata.

Kisha ukaja mzunguko, ule wa kujizungusha kama mrusha kisahani. Aleksandr Baryshnikov akaweka nao rekodi ya dunia ya mita 22.00 mwaka 1976. Ukikosa mizani unatoka nje ya duara, ndiyo maana wengi waliuogopa. Leo Ryan Crouser ana 23.56 kwa mzunguko na wanaume wakubwa karibu wote wanazunguka. Mimi mwenyewe nilijaribu, nikapiga wavu wa kisahani uliokuwa ubavuni. Nikarudi kwa O'Brien.

#47 Mzee wa Stopwochi
Baryshnikov? Na Brian Oldfield umemweka wapi? Alizunguka akarusha 22.86 mwaka 1975, mwaka mzima kabla.

#48 Mama Tufe
Haikutambuliwa. Alikuwa ameshaingia riadha ya kulipwa, na enzi hizo rekodi zilikuwa za ridhaa tu.

#49 Mzee wa Stopwochi
Tufe lilitua au halikutua?

#50 Mama Tufe
Lilitua, mzee. Kesho nakuletea majina ya wengine waliotua bila kuandikwa, sasa hivi simu imebaki asilimia mbili.